Mkatoliki wa kitabuni, wa jumuiya na wa moyoni

Msiba umetokea Kimara. Marehemu alikuwa mtu wa Rombo. Alibatizwa akiwa mchanga, akapata Komunyo ya kwanza na Kipaimara hukohuko kijijini, kisha akaja Dar es Salaam kutafuta maisha. Tangu afike mjini hakuna aliyewahi kumwona jumuiya, yaani kwenye kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja. Ndugu wanakwenda parokiani kuomba Misa ya mazishi na swali la kwanza wanaloulizwa ni: jumuiya yake ipi? Hawajui. Anaitwa mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa ule, naye anatikisa kichwa: huyu hatumjui. Shangazi wa marehemu anang'aka: hamumjuije wakati cheti chake cha ubatizo hiki hapa? Mwanangu ni Mkatoliki!

Kisa cha namna hii, kwa sura moja au nyingine, kimesikika karibu kila mtaa wa jiji hili. Kinachokifanya kiwe kigumu ni kwamba shangazi na mwenyekiti wote wanasema kweli. Kila mmoja anataja Ukatoliki wake, na mambo hayo mawili hayako ngazi moja. Liko na la tatu ambalo pale msibani hakuna anayethubutu kulitaja, kwa sababu mwenye kulijua ameshafariki.

Tuanze na cheti cha shangazi, maana ndicho chenye uzito kuliko watu wanavyodhani.

Kanisa linafundisha kwamba Ubatizo, Kipaimara na Daraja Takatifu (ya ushemasi, upadri na uaskofu) huacha muhuri usiofutika rohoni, ndiyo maana haviwezi kurudiwa. Hilo limo katika Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 845. Ukishabatizwa umebatizwa. Ukiacha kusali, ukihamia kanisa lingine, ukazamishwa upya kwenye maji mengi pale Mbezi, ukasilimu, ukaapa mbele ya watu kwamba hutaki tena habari za mapadri, bado muhuri uko palepale. Unaweza kutengwa, unaweza kukosa haki ya kupokea Komunyo, lakini hakuna kitendo kinachokurudisha kuwa mtu asiyebatizwa.

Kuna wakati sheria ilikuwa na mwanya kidogo. Toleo la 1983 lilimtambua mtu aliyejitoa katika Kanisa kwa tendo rasmi, na likamwondolea masharti fulani ya ndoa. Papa Benedikto wa 16 aliufunga mwanya huo mwaka 2009 kwa kufuta maneno hayo. Tangu hapo sheria haina tena mlango wa kutokea katika suala la ndoa. Mtu aliyeondoka akaenda kufunga ndoa bomani bado anahesabiwa Mkatoliki ambaye hakufuata utaratibu wa ndoa ya Kikatoliki.

Na muhuri huo una karani wake. Kila parokia ina kitabu cha wabatizwa, na jina lako linaandikwa kwenye kitabu cha mahali ulipobatizwa, halihamishwi maisha yako yote. Ukipata Kipaimara Tabata, taarifa inapaswa kutumwa ikaandikwe pembeni mwa jina lako kule ulikobatizwa. Ukifunga ndoa Mbagala, vivyo hivyo. Ukiwa padri au ukiweka nadhiri za daima za kitawa, vivyo hivyo. Ndiyo sababu kijana anayetaka kuandikisha ndoa Dar es Salaam anaambiwa alete cheti kipya cha ubatizo, kilichotolewa ndani ya miezi sita, hata kama kile cha zamani anacho, kimewekwa nailoni na hakina hata kunjo. Paroko hatafuti uthibitisho kwamba ulibatizwa. Anatafuta kilichoandikwa upande wa pili: kama huko Bukoba au Songea kuna ndoa uliyoisahau kumtajia mchumba wako. Wengi hudhani ni urasimu tu na kupoteza nauli ya watu. Kwa kweli ule ukurasa wa nyuma umewaokoa wasichana wengi.

Kwa ngazi hii ya kwanza, basi, shangazi ameshinda. Mwanawe ni Mkatoliki, na hata yeye mwenyewe asingeweza kulifuta hilo.

Lakini kwa nini alibatizwa Mkatoliki, asibatizwe Mlutheri? Hapa hatutoki kwenye imani, tunaingia kwenye jiografia. Mapadri Waspiritani walifungua misioni Bagamoyo mwaka 1868, na kutoka pwani wakapanda hadi Kilimanjaro, wakajenga Kilema na Kibosho katika miaka ya 1890. Walutheri walishika Machame na maeneo ya jirani. White Fathers waliingia Uhaya, wakaanza Kashozi mwaka 1892. Wabenediktini walifika Pugu mwaka 1888, wakashambuliwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri, wakarudi kujipanga Dar es Salaam, na mwaka 1898 walikuwa wameshafika Peramiho kwa Wangoni. Wakristo wengi wa nchi hii ni Wakatoliki au Waprotestanti kwa kutegemea nani alifika kijijini kwa babu yao kwanza.

Ndiyo maana hapa mjini mtu akikuambia kwao ni Rombo, hujamaliza kumsalimia umeshampa dini. Akisema Machame, unampa nyingine. Mtu wa Sumbawanga anaulizwa parokia yake kabla hajaulizwa kama ni Mkatoliki. Ukatoliki wa namna hii ni sehemu ya ukoo, umeshikana na jina, na Krismasi ya kijijini, na kaburi la bibi lenye msalaba wa saruji. Usiudharau. Umewavusha watu wengi kwenye vipindi ambavyo imani yao binafsi ilikuwa imekauka kabisa, kwa sababu mtu akishindwa kusali mwenyewe bado kuna mama anayemsalia rozari. Udhaifu wake ni kwamba haumdai mtu kitu. Unaweza kuishi nao miaka arobaini bila kuamua lolote.

Majina ni mfano mzuri. Wengi wanaamini huwezi kubatizwa bila jina la mtakatifu, na wapo makatekista wanaomrudisha mzazi nyumbani akatafute jingine. Sheria ya zamani ya 1917 ilikuwa kali kwa jambo hilo. Sheria ya sasa, kanuni ya 855, inasema tu kwamba wazazi, wasimamizi na paroko wahakikishe mtoto hapewi jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Basi. Neema, Baraka, Furaha, hata Kambarage, hakuna lililokatazwa. Desturi ya kuchagua msimamizi wa mbinguni ni nzuri na mimi naipenda, ila isigeuzwe kuwa sharti. Kwanza jiji limejaa akina Gaudence na Deogratius wasiojua jina lao lilitoka wapi.

Sasa mwenyekiti. Yeye haongelei muhuri wala ukoo, anaongelea daftari lake.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hazikuletwa na wamisionari wa Kijerumani. Ni uamuzi wa maaskofu wa Afrika Mashariki wenyewe, kupitia shirikisho lao la AMECEA, waliolipanga jambo hili katika mikutano ya 1973 na 1976. Wazo lilikuwa kwamba parokia kubwa haiwezi kumjua mtu, hivyo Kanisa lianzie majumbani, kwa familia chache zinazoishi jirani. Tanzania ililipokea kwa urahisi kuliko nchi nyingi. Watu walikuwa wameshazoea mabalozi wa nyumba kumi na siasa ya Ujamaa, kwa hiyo mpangilio wa kukutana na jirani, kuchagua mwenyekiti, katibu na mhasibu haukuwa mgeni.

Ukitaka kuiona, amka Jumamosi alfajiri, upite mitaa ya Tabata au Sinza kwenye saa kumi na mbili na nusu. Kwenye uwanja wa nyumba fulani kuna viti vya plastiki vya rangi tofauti, meza ndogo imefunikwa kitambaa cheupe, juu yake msalaba, mshumaa na Biblia iliyochakaa pembeni. Akina mama wameshajifunga vitenge, vijana wawili wamesinzia, mzee mmoja ndiye anayeanzisha wimbo, na anauanzisha juu mno. Injili inayosomwa ni ya Jumapili inayokuja. Kila mtu anaambiwa aseme neno lililomgusa, na wengi wanarudia alilosema mwenzao wa kwanza. Kisha maombi, kisha matangazo, na hapo ndipo usingizi wote unapoisha: mchango wa ujenzi, zaka, mgonjwa wa kutembelewa Muhimbili, mwenzetu aliyefiwa, nani atapokea jumuiya wiki ijayo. Katibu anaita majina. Daftari linafungwa.

Kwa mtu aliyehamia Dar es Salaam bila ndugu, ile nusu saa ndiyo familia yake. Wanaokuja kulala msibani kwako ni hao. Anayekupeleka hospitali usiku na bajaji yake ni wa hapo. Kwa hiyo mwenyekiti anaposema "hatumjui", hasemi kwa roho mbaya. Anasema kitu halisi: mtu huyu hakuwahi kukaa kwenye kiti chetu, na leo mnatutaka tumwimbie kama ndugu.

Tatizo limekuja taratibu. Kwa kuwa parokia za jiji ni kubwa na paroko hawezi kumjua kila muumini, barua ya jumuiya imekuwa ufunguo wa kila mlango. Kubatiza mtoto, barua. Kuandikisha ndoa, barua. Mazishi, wanaulizana kuhusu barua. Na barua yenyewe mara nyingi inategemea mahudhurio na michango. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku Jumamosi asubuhi, dereva wa daladala, mlinzi, msichana wa kazi ambaye mwenye nyumba hamruhusu kutoka, wote hawa kwa daftari ni wavivu. Nadhani hapo tumeuchukua mpangilio wa kichungaji, tena mzuri, tukaupa mamlaka ya sakramenti. Jumuiya ni njia ya kuishi ubatizo. Haiwezi kuwa mamlaka ya kuutoa au kuunyang'anya.

Na sheria yenyewe inasemaje kuhusu marehemu wetu wa Kimara? Kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: walioasi imani waziwazi, wazushi na waliojitenga, kama hawakuonyesha toba kabla ya kufa, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika Kikanisa kungewakwaza waamini. Penye shaka, askofu wa jimbo aulizwe, na uamuzi wake ufuatwe. Kutohudhuria jumuiya hakumo. Kutotoa zaka hakumo. Katika hali nyingi paroko mwenye busara humzika mtu kama huyu, pengine kwa ibada fupi, kisha huwageukia waliohudhuria na kuwaambia mbili tatu kuhusu wao wenyewe wangali hai. Mapadri wanaokataa kabisa wana hoja yao, kwamba Kanisa lisigeuzwe kampuni ya mazishi. Naielewa hoja hiyo, ila anayeadhibiwa pale ni mama aliyebaki na kilio.

Ndoa nako kumechanganyikiwa vilevile. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kiserikali na ya kimila, na kifungu chake cha 160 kinaweka dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili wakijulikana kama mume na mke. Kwa serikali, basi, wanandoa wako wengi. Kanisa kwa kawaida linamtaka Mkatoliki afunge ndoa mbele ya padri au shemasi mwenye mamlaka pamoja na mashahidi wawili. Aliyefunga bomani, au aliyefuata mkeka, yaani ndoa ya Kiislamu, kwa mapenzi, anaambiwa asipokee Komunyo mpaka mambo yanyooshwe. Wengi hutafsiri hilo kuwa wamefukuzwa, wakaacha hata kwenda Misa. Hawajafukuzwa. Misa ya Jumapili bado inawahusu, mtoto wao anaweza kubatizwa, na jumuiya wanaweza kuhudhuria ingawa sehemu nyingi hawatapewa uongozi. Ndiyo maana kila mara unaona parokiani ndoa za pamoja, bwana harusi ana mvi na anayemshikia bibi harusi shela ni binti yao wa kidato cha tatu.

Kwa ndoa na asiye Mkatoliki, ambayo kwa jiji la pwani kama hili ni jambo la kila siku, kuna ngazi mbili. Tuseme Mkatoliki wa Temeke anamtaka Mlutheri: anahitaji ruhusa. Akimtaka Mwislamu: anahitaji kuondolewa kizuizi, la sivyo ndoa ni batili. Katika hali zote mbili Mkatoliki ndiye anayeahidi, kwamba ataepuka hatari ya kuiacha imani na atafanya yote awezayo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake haapi chochote wala halazimishwi kubadili dini. Anajulishwa tu ahadi hiyo, ili asije akashtuka baadaye. Familia nyingi zinagombana kwa kutojua sehemu hii ndogo.

Hapo ndipo inapoonekana ngazi ya tatu. Kwa sababu ahadi ile haiwezi kutolewa na kitabu cha Rombo wala na katibu wa jumuiya. Inatolewa na mtu mwenyewe, mbele ya mtu anayempenda, kwa gharama.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, katika hati yake kuhusu Kanisa ya mwaka 1964, uliandika jambo kali ambalo halihubiriwi sana: kwamba mtu aliyeingizwa katika Kanisa asipodumu katika upendo haokoki, kwa kuwa anabaki ndani ya Kanisa kwa mwili na si kwa moyo. Maneno hayo hayamlengi mpagani. Yanamlenga mwenye cheti, mwenye kadi, mwenye sare ya kwaya, mwenye rozari iliyoning'inizwa kwenye kioo cha bajaji huku akimtukana abiria kwa shilingi mia mbili. Kanisa lilelile linalosema huwezi kutoka, linasema pia kuwamo hakutoshi.

Mtu akisema imani ya Kikatoliki ndiyo kiini cha alivyo, anachokisema ni kwamba mambo mengine yote yanaulizwa kwa imani hiyo: kazi, kabila, chama, ndoa, fedha. Mfano ambao Dar es Salaam haina haja ya kuutafuta mbali ni Julius Nyerere. Yeye hakubatizwa akiwa mchanga. Alikuwa na miaka 21 alipobatizwa Nyegina, karibu na Musoma, tarehe 23 Desemba 1943, na akachukua jina la Julius kwa hiari yake. Alifundisha Pugu, shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Fransisko, mpaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya siasa. Alipokuwa Rais alijulikana kwa kuhudhuria Misa kila siku.

Sasa tazama alichofanya. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 shule za mashirika ya dini zilitaifishwa, Pugu ikiwamo, ili mtoto wa dini yoyote asome. Sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza watu dini zao. Tangu hapo serikali haina hesabu rasmi ya Wakatoliki, na kila anayekutajia asilimia amezipata kwingine. Kwa mtu anayedhani utambulisho ni kuongeza nguvu za kundi lako, Nyerere aliwasaliti Wakatoliki. Kwa maoni yangu alionyesha tofauti iliyopo kati ya imani iliyo ndani kabisa ya mtu na imani inayovaliwa kama jezi. Ya jezi inataka timu ishinde. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Wapo wanaoupinga kwa sababu za kisiasa, na wana haki ya kusema.

Walio wengi si Nyerere, wala hawatakiwi kuwa. Wako katikati: kitabuni wamo, jumuiya wanachechemea, moyoni wanapanda na kushuka. Mtu wa namna hii akipata mgonjwa ndani ya nyumba huenda kuombewa kwenye mahema ya walokole Jumatano, na Jumapili akarudi parokiani kama kawaida. Makatekista wanakasirika. Mimi nadhani wangejiuliza pia kwa nini mgonjwa yule hakuona mtu wa kumwekea mikono kwao, wakati Kanisa lina Mpako wa Wagonjwa, ambao watu wetu bado wanauogopa kama tangazo la kifo, na lina hata vikundi vya Karismatiki vinavyosali kwa sauti kuliko hao walokole.

Aliyekwenda mbali zaidi na anataka kurudi hahitaji kubatizwa upya, na yeyote atakayetaka kumbatiza tena anakosea. Aliyebatizwa Mlutheri au Mwanglikana akataka kuingia naye habatizwi: anakiri imani ya Kikatoliki, anapewa Kipaimara na Komunyo baada ya mafundisho. Aliyetoka dhehebu linalobatiza bila kutaja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, huyo atabatizwa, kwa kuwa kwa Kanisa hajawahi kubatizwa. Kwa Mkatoliki aliyepotea kidogo tu, njia ni kitubio, yaani kuungama kwa padri. Kwa aliyekana imani waziwazi, aanze kwa kuzungumza na paroko, kwa sababu huenda kuna adhabu ya kuondolewa kwanza. Kama kuna ndoa, zungumza hilo mapema, usilifiche mpaka mwisho.

Kisha tafuta jumuiya ya mtaa unaoishi sasa, hata kama umepanga chumba kimoja na unahama kila mwaka. Ukihama, omba barua ya utambulisho upeleke unakokwenda. Ukifanya kazi Jumamosi, mwambie mwenyekiti mapema, kwa sababu katika parokia nyingi ipo nafasi ya kuzungumza na watu wa zamu, ila mara chache mtu anaiomba. Na ukiwa na namba ya kitabu chako cha ubatizo, iandike mahali watoto wako watakapoiona.